Shangingi la zamani: namna ya kuamua kabla hujatoa pesa

Dalali akikwambia "bosi, gari hii kavu kabisa," usibishane naye. Lala chini utazame mvunguni. Land Cruiser ya mwaka 1994 iliyo kavu kabisa, isiyovuja hata tone la oili, ama imetunzwa na mtu anayejua kazi, ama imeoshwa kwa dizeli jana jioni, na dakika tano za kulala chini zitakuonyesha ni ipi kati ya hizo mbili.

Hapa Arusha magari haya hayafi. Yanastaafu kwenye utalii, kwenye miradi na serikalini, kisha yanarudi mtaani na rangi mpya. Mimi nimenunua matatu. La kwanza nililipata vizuri, la pili liliniumiza, na la tatu mimi na mke wangu hatujakubaliana mpaka leo. Ninayoandika hapa yanahusu zaidi Land Cruiser 80 ya miaka ya 1990 hadi 1997, ile tuliyozoea kuiita VX hata isipokuwa VX, pamoja na 70 tunayoiita mkonga, na Prado za 1996 hadi 2002. Land Rover nitaigusa kidogo, maana mwenye Land Rover haombi ushauri, ameshapenda.

Injini inauzwa. Giaboksi inauzwa. Hata mlango wa nyuma utaupata Ilala, Dar, ukizunguka siku mbili. Ila chesisi yenye namba yake halali, na kadi inayolingana nayo, haina duka. Kwa hiyo nakagua kwa mpangilio ambao muuzaji haupendi: kwanza safari zangu, pili karatasi, tatu chesisi, ndipo tufungue boneti. Yeye angependa tuanze kwa kuwasha injini na redio.

1. Itaje barabara yako kwa jina

Usiseme "nataka gari la kwenda porini." Pori gani? Sema: natoka Karatu kwenda Mang'ola mara mbili kwa mwezi, masika na kiangazi. Au: shamba liko Loliondo, napeleka mbolea na kurudi na mahindi. Ukishindwa kutaja barabara hata moja inayokulazimisha kuwa na gari ambalo magurudumu yote manne yanavuta, basi barabara yako ni ya kutoka Njiro kwenda mjini, na hiyo RAV4 au Escudo inaimaliza bila kukufilisi.

Chukua daftari upige hesabu ya mafuta. Land Cruiser 80 yenye injini ya petroli ya 4.5 hupata kama kilometa 5 kwa lita, na ukiwa na mguu mzito hazifiki. Ile ya dizeli ya 4.2 isiyo na tabo hupata kama 8. Arusha hadi Dar ni zaidi ya kilometa 600. Kwa petroli unazungumzia lita 120 kwenda tu, bado hujarudi, bado hujawasha kiyoyozi. Nimeona watu watatu wakinunua shangingi la petroli kwa sababu bei yake ilikuwa ndogo, na yote matatu sasa yanatembea Jumapili tu, kwenda kanisani.

Jiulize pia kama hili litakuwa gari lako la pekee. Gari la miaka 30 litalala gereji. Si kwa sababu ni bovu, ni kwa sababu spea fulani inasubiri basi la kutoka Dar. Kama kazi yako ya kila siku inalitegemea, tafuta kitu kipya zaidi hata kama ni kidogo.

2. Soma herufi za chesisi kabla hujaenda kuliona

Mwombe muuzaji akutumie picha ya kadi. Herufi za mwanzo za namba ya chesisi zitakwambia gari lilitoka kiwandani na injini gani, kuliko dalali atakavyojua au atakavyotaka kusema.

HZJ ni 1HZ, dizeli ya silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, haina tabo wala kompyuta. Ndiyo injini ya mkonga na ya baadhi ya 80. Ni nzito, haina haraka, mlimani utapitwa na basi la Karatu, lakini fundi yeyote kuanzia Namanga hadi Songea ameshaifungua. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua, nachagua hii na kuacha mbio kwa wenye haraka.

HDJ ni 1HD, dizeli ya 4.2 yenye tabo. Raha yake haielezeki. Zile za mwanzo, 1HD-T za 1990 hadi mapema 1995, zina ugonjwa unaojulikana dunia nzima: beringi za konrodi huisha mapema, na zikianza kugonga umeshachelewa, krenkishafti imeshaguswa. Muulize muuzaji zilibadilishwa lini. Akijibu "hizo hazibadilishwagi bosi," andika gharama hiyo upande wako.

FZJ ni petroli ya 4.5 niliyokwisha kuitaja. Injini yenyewe ni imara sana. Kiu yake ndiyo tatizo.

KZJ ni Prado yenye 1KZ, dizeli ya 3.0 yenye tabo. Inapendeza kuendesha, ila ikichemsha mara moja tu, silinda hedi hupasuka. Hili ndilo gari langu la pili, nitalirudia huko chini.

RZJ na VZJ ni Prado za petroli, 2.7 na 3.4. Zile za 3.4 hazisemwi sana na ni nzuri kuliko sifa zake.

Sasa linganisha. Kama chesisi inasema FZJ na ndani mna 1HZ, injini imebadilishwa. Hilo si dhambi, wengi hufanya hivyo kukimbia petroli. Swali ni kama kadi nayo imebadilishwa, kwa namba ya injini na aina ya mafuta. Isipobadilishwa, kesi ni yako siku trafiki au mtu wa bima atakapofungua boneti.

3. Karatasi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea bila kelele.

Kwanza, jina lililo kwenye kadi ni la nani? Kama aliyesimama mbele yako siye, yuko wapi mwenyewe? Ukiambiwa "mzee alishafariki, mimi ni mwanawe," mpe pole, kisha uliza nani ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Bila barua ya usimamizi, huyo kijana hana mamlaka ya kukuuzia hata kioo cha pembeni, na dada zake wanaweza kukufuata mwaka ujao. Kama ni gari la kampuni, uliza uamuzi wa bodi wa kuliuza. Kama kadi "iko benki," basi gari nalo liko benki.

Pili, msamaha wa kodi. Magari mengi mazuri ya zamani yaliingia nchini kwa namba za miradi ya wafadhili, zile za DFP, au kwa mashirika na balozi zilizosamehewa kodi. Msamaha ule ulikuwa wa mradi, haukuwa wa gari. Likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Nimeona mkonga mmoja, safi kama yai, bei yake nusu ya soko, na mnunuzi akacheka kwa furaha hadi alipofika TRA. Taka ushahidi kwamba kodi imelipwa na gari limesajiliwa upya kwa namba ya kawaida. Maneno hayatoshi.

Tatu, gari la mpakani. Jirani zetu wa Kenya hawaruhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini yale ya zamani waliyonayo wanauza, na pale Namanga utaonyeshwa Prado kwa bei ya kukufanya ushindwe kulala. Bado lina kodi ya kuingizwa nchini, na sisi huku tunaongeza ushuru wa uchakavu kwa gari kuukuu. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni kabla hujavuka barabara.

Nne, madeni. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki uone faini. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka wa fedha 2017/18 ikahamishiwa kwenye mafuta, hivyo usitishwe na mtu anayetaka kukukata pesa ya "road license". Faini za mwendo kasi ndizo hujazana.

Mwisho, piga magoti kwenye gurudumu la mbele la kulia. Kwenye Land Cruiser hizi namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande huo. Futa tope na grisi, sugua kwa brashi ya waya, soma herufi moja moja ukilinganisha na kadi. Ukiona chuma kimesagwa, au namba iko kwenye kipande kilichochomelewa, au herufi zimepanda na kushuka kama mwandiko wa darasa la pili, simama, shukuru, ondoka. Hapo hakuna punguzo la bei linalotosha.

4. Fundi wako, na nani anamlipa

Nenda na fundi, lakini umlipe wewe, na umlipe kabla. Fundi asiyelipwa na mnunuzi hulipwa na dalali. Cha juu si siri, kila mtu gereji anajua. Mwambie wazi: "Kaka, hela yako hii hapa, ninunue nisinunue ni yako." Utashangaa macho yake yatakavyoona vizuri.

Beba tochi, sumaku ndogo, bisibisi, kitambaa cheupe, na boksi kubwa la kulalia. Mpigie muuzaji usiku umwambie unakuja saa moja asubuhi na asiliwashe gari. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, kunywa chai, zungumza mambo mengine, sema utarudi kesho. Gari linalopashwa joto kabla ya mgeni kufika lina jambo la kuficha saa ya kuwaka.

5. Mvunguni

Tandika boksi lako. Fuata chesisi kutoka mbele hadi nyuma, pande zote mbili, ukigonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia, chuma kilichooza hunong'ona. Gari lililokaa Tanga, Dar au Zanzibar limekula chumvi ya bahari. Mengine yalishakula chumvi ya barabara za theluji Japani kabla hayajapanda meli. Kutu ya juu juu, ya kahawia, si kitu. Kutu inayobanduka kama maganda ya mti ndiyo hatari, hasa nyuma kwenye tao la juu ya ekseli na pale bodi inapokaa juu ya chesisi. Lami nyeusi iliyopakwa mpya mvunguni inanitia shaka kuliko kutu yenyewe. Ikwangue kwa bisibisi uone kinachofunikwa.

Angalia panapofungwa boksi la usukani, pembeni mwa chesisi mbele. Barabara mbovu hupasua hapo, na nyufa huanza nyembamba kama uzi. Tazama pia mahali shokapu na springi zinapofungwa. Mstari wa kuchomelea si lazima uwe mbaya, mradi ni mmoja, ni nadhifu, na mwenye gari anaweza kueleza. Ikianza kuwa viraka juu ya viraka, gari limekuwa kanga ya zamani.

Magari yaliyostaafu utalii yana jambo lake. Mengi yalikatwa katikati na kurefushwa ili yapate safu ya viti, na paa likakatwa ili wageni wasimame wapige picha. Utaona ungio la chesisi nyuma ya milango ya mbele. Yana sifa nzuri: mengi yalifanyiwa sevisi kwa ratiba, kwa sababu gari likizima katikati ya Serengeti na wageni sita, kampuni inapoteza jina. Lakini limepigwa na matuta madogo madogo ya barabara ya Naabi maisha yake yote, likiwa limejaa. Paa huvuja, ungio huchoka. Kwa biashara ya utalii sawa, fundi wake analijua. Kwa familia, mimi silinunui.

Yale ya mnada wa serikali ni habari nyingine. Mara nyingi lilipelekwa mnadani kwa sababu halitembei, na muda liliokaa likisubiri mnada, alteneta, stata na nozeli zilipata miguu. Ukilikuta linanguruma mtaani, jua kuna mtu amelikusanya upya, na uliza ni nani.

Bodi nainyooshea mkono tu. Pitisha sumaku kwenye milango na juu ya magurudumu. Isiposhika, kuna puti chini ya rangi. (Usijaribu hivyo kwenye Land Rover, bodi yake ni aluminiamu, sumaku haitashika popote na utajiona mjinga kama nilivyojiona mimi. Kule kinachooza ni chesisi na ukuta wa chuma unaotenga injini na miguu yako.)

6. Boneti

Injini ikiwa bado ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Ya baridi, narudia. Maji yawe na rangi ya kipoozeo, si kahawia kama chai ya maziwa. Kama ni maji ya bomba yenye kutu, mwenyewe amekuwa akijaza mara kwa mara, na maji hayo yanakwenda mahali. Mafuta yanayoelea juu ni habari mbaya zaidi. Chomoa stiki ya oili, ifute kwa kitambaa cheupe. Nyeusi kwa dizeli ni kawaida. Yenye povu la rangi ya maziwa, funga boneti mwende nyumbani.

Sasa iwashwe. Mmoja akae ndani, wewe na fundi mmoja awe mbele na mmoja kwenye eksozi. Swichi ikiwekwa tu kabla ya kuwasha, taa zote za dashibodi ziwake, kisha zizime injini ikishika. Kwenye dizeli hizi tafuta ile iliyoandikwa T-BELT. Huwaka yenyewe kila baada ya kilometa laki moja au zaidi, kukuambia kwamba mkanda wa taimingi umefika muda. Baadhi ya wauzaji hawabadilishi mkanda, wanachomoa balbu.

Moshi mweupe kidogo asubuhi ya Julai, baridi ya Arusha, haunitishi, mradi uishe ndani ya dakika. Mweupe usioisha, na rejeta inatoa viputo mfululizo, ni silinda hedi. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi unapokanyaga kwa nguvu ni dizeli ya ziada, mara nyingi ni nozeli au chujio la hewa, hiyo ni gharama ya kawaida. Kisha, injini ikiwa inanguruma taratibu, legeza mfuniko wa oili uuweke pale pale bila kuufunga. Ukiruka na moshi ukisukuma, pete za pistoni zimechoka. Ukitetemeka tu, endelea.

Usiangalie kilometa za dashibodi, tazama pedali ya breki na usukani. Kilometa 140,000 na mpira wa pedali umeisha hadi chuma haviendi pamoja.

7. Difu, ekseli na ile gia ndogo

Hapa ndipo gari hili linapojitofautisha na magari mengine, na ndipo wanunuzi wengi hawagusi kabisa.

Nyuma ya kila gurudumu la mbele la 80 au mkonga kuna kibofu cha chuma chenye umbo la nusu mpira, kinachong'aa. Kiwe na utando mwembamba wa grisi. Kama kinachuruzika uji mweusi mwepesi, oili ya difu imepita sili ikachanganyika na grisi ya jointi za ndani. Kazi hiyo inafanyika, spea zake zipo, ila ni siku mbili za fundi na mikono michafu. Ipunguze kwenye bei.

Omba kulegeza boliti ya kujazia oili ya difu, nyuma na mbele. Chovya kidole. Ikiwa nyeupe kama maziwa, gari liliingia mtoni maji yakaingia ndani, hakuna aliyejali. Hili naliona zaidi kwenye magari yenye mkonga wenyewe, yaani bomba la kuvutia hewa, kuliko yasiyo nao. Mtu akiona bomba lile pembeni ya kioo anadhani amenunua mashua. Mkonga unalinda injini isivute maji, na hata hilo kama viungio vyake havivuji. Difu na giaboksi hupumua kwa mirija yao wenyewe, midogo, na ikiziba au kukatika maji huingia.

Nyanyua gurudumu moja la mbele kwa jeki, shika juu na chini, tikisa. Likicheza, ni beringi.

Kisha nendeni kwenye vumbi, si lami. Kwenye mkonga wenye habu za kufunga kwa mkono, funga habu, ingiza H4 (magurudumu yote manne, gia kubwa), zunguka taratibu usukani ukiwa umekata wote. Gari likisita na kuvutana, ni dalili njema, mbele inavuta. Likizunguka laini kama siku zote, fowili ni pambo. Ukisikia ka-ka-ka-ka upande mmoja, jointi imeisha. Simamisha, ingiza L4 (ile gia ndogo), liache lipande kilima kwa gia ya kwanza bila kukanyaga mafuta. Kwenye 80 nyingi magurudumu yote yanavuta muda wote, na ukiingiza L, difu ya kati hujifunga na taa yake huwaka kwenye dashibodi. Isipowaka, injini ndogo inayoifunga imekufa kwa kutotumika, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kutoka lami.

8. Mlimani

Kuzunguka mtaa si majaribio. Niliponunua ile Prado ya KZJ tulizunguka Sakina mara mbili, tukalipana, tukapeana mikono. Wiki iliyofuata, familia nzima ndani, tulipopanda ukingo wa bonde kutoka Mto wa Mbu, mshale wa joto ulipanda kabla sisi hatujafika kwenye wauza picha juu. Tulikaa pale saa tatu tukitazama Ziwa Manyara. Silinda hedi ilikuwa imepasuka zamani, mtu akaificha kwa dawa ya kuziba rejeta.

Kwa hiyo sasa nasema: nataka dakika 40 na mlima mmoja mrefu. Kama mwenye gari hataki, nimeshapata jibu. Kwenye 80, mshale wa joto umetengenezwa ukae katikati kwa ukaidi, hauondoki hadi hali iwe mbaya, kwa hiyo ukiuona umevuka nusu usiseme "ni kidogo tu." Ukifika juu, acha injini ingurume dakika kadhaa, kisha zima na uwashe tena.

Kwenye lami, fika kilometa 80 kwa saa, na panaporuhusiwa na salama zidi kidogo. Usukani ukianza kutikisika mkono kwa mkono, ni bushi, tairodi, au beringi za mbele, na mara nyingi vyote. Funga breki kwa nguvu mara moja ukiwa peke yako barabarani uone linavyovuta.

Tairi zisome pembeni. Tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ni wiki na mwaka: 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Kashata nzuri kwenye mpira wa miaka tisa hainidanganyi, na tairi tano za gari hili ni pesa ya pikipiki.

9. Bei

Kaa na fundi pembeni, msimwonyeshe dalali daftari. Gawa orodha mara mbili: yale ambayo gari halitembei bila kufanyiwa (mkanda wa taimingi, breki, mipira ya maji, tairi) na yale yanayoweza kusubiri. La kwanza lote linatoka kwenye bei. La pili ni lako. Mimi huongeza na robo ya bei ya gari, naiweka benki, siiti pesa yangu. Ukiona kwamba ukilipia gari hutabaki na hiyo robo, gari hilo ni ghali kwako hata kama ni rahisi sokoni. Hapo shuka hadi gari dogo zaidi, au subiri.

Usitaje kasoro zote kwa mpigo, muuzaji atakasirika na kujitetea. Taja mbili kubwa, mwonyeshe kwa kidole, nyamaza. Kisha mwambie, "Kaka, mimi nina hii tu." Wa kwanza kuvunja ukimya ndiye anayeongeza au kupunguza.

10. Mkataba na wiki ya kwanza

Mkataba mbele ya wakili, TIN na vitambulisho vya wote wawili, kadi halisi mkononi, malipo kwa benki. Umiliki ubadilishwe TRA mara moja. Kuna watu hutembea miaka na gari lenye jina la mwingine ili kukwepa ada. Siku likigonga mtu, ndipo wanakumbuka ada ilikuwa kiasi gani.

Gari likifika nyumbani, usilioshe kwanza. Mwaga oili zote: injini, giaboksi, boksi la gia ndogo, difu mbili. Badilisha machujio yote, na mkanda wa taimingi hata kama uliambiwa ni mpya. Jaza kipoozeo halisi. Kisha tembea nalo wiki nzima umbali ambao unaweza kurudi kwa bodaboda, ukilaza kipande cha boksi chini yake kila usiku. Asubuhi soma matone: yapo upande gani, ya rangi gani, mangapi. Langu la tatu bado linaacha moja, nyuma kushoto, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, na mke wangu analihesabu.